Acheni Kutuuzia Kamera Zinazolala Matangani

Dakika 29 na sekunde 59. Hapo ndipo kamera nyingi wanazojivunia vijana wetu hunyamaza. Hazijaharibika. Betri haijaisha, kadi haijajaa. Zimeundwa zinyamaze. Mchungaji yuko katikati ya mahubiri, au kifungua mimba wa marehemu ameshika maiki anajikaza amtaje mamake bila kulia, na ile alama nyekundu ya kurekodi inatoweka kwenye kioo. Picha bado inaonekana, kwa hivyo kijana aliye nyuma ya kamera hana habari. Atajua usiku akifungua kompyuta.

Anayetaka kujua sababu aiulize forodha ya Ulaya. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru wa juu zaidi kamera yoyote inayoweza kurekodi video nusu saa au zaidi bila kukatika, ukiihesabu kuwa kamera ya video wala si ya picha. Kampuni zikapiga hesabu, zikaondoa sekunde moja. Canon 80D ya mwaka 2016, Canon M50 na Sony A7 III za mwaka 2018, zote zilitoka kiwandani na kikomo hicho. Kabla yazo, Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, ile iliyowafanya wapiga video wengi duniani wazipe kisogo kamera za begani, ilikatiza faili kwenye gigabaiti 4, yaani dakika kama 12 tu za video safi. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zimeachana na kikomo cha nusu saa. Sony A6400 ya mwaka 2019, kwa mfano, haina. Lakini sisi hatununui za miaka ya karibuni. Tunanunua zilizoachwa na wengine, zikipanguswa vumbi mjini Nairobi, zikatiwa ndani ya mkoba mpya, zikapanda matatu hadi Meru, na kutoka Meru zikapanda nyingine hadi Muthara, kwetu Tigania Mashariki.

Hivyo ndivyo hila ya kukwepa ushuru kwenye bandari za Ulaya inavyokuja kukata hotuba ya mazishi Tigania Mashariki. Nimekasirika na sifichi. Kijana ameuza ng'ombe wa mamake, amenunua kifaa ambacho hakuna aliyemweleza kinafanya nini, na familia iliyofiwa imepewa mkanda wenye pengo mahali ambapo mtoto alikuwa akimuaga mzazi wake. Hakuna pesa inayolijaza pengo hilo.

Swali linaloulizwa kila mahali, kwenye vibanda vya kuhariri video, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye vyuo vya miezi mitatu, ni moja: kamera gani kali? Swali hilo limewamaliza watu. Hakuna kamera kali bila kazi. Taja kazi kwanza, ndipo tuzungumze kuhusu kamera.

Na kazi ya video Muthara inajulikana. Ni mazishi. Ni ruracio, yaani sherehe ya mahari, harusi, harambee ya kujenga kanisa, kutawazwa kwa kasisi, siku ya wazazi shuleni, mkutano wa hadhara, na mara mojamoja wimbo wa Injili wa mwimbaji wa Kimeru anayelipa nusu leo na nusu Mungu akijalia. Ukiondoa huo wimbo, yote haya hutokea mara moja tu. Huwezi kumwambia mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, arudie baraka kwa kuwa mwanga haukukaa vizuri. Huwezi kumwomba shosho arudi langoni aingie tena na kiondo chake. Jeneza halipandishwi juu likateremshwa upya.

Sasa tazama kamera zinazosifiwa kwenye YouTube zinasifiwa na nani. Ni watu wenye mwigizaji anayeweza kurudia mara ishirini, wenye mtu wa taa, mtu wa sauti, mtu wa kuvuta fokasi, na jenereta nje. Hao wakisema kamera fulani ina rangi ya biti 10 na inarekodi kwa S-Log, wanasema kweli kuhusu kazi yao. Kijana wetu anasikia, anabonyeza S-Log kwenye harusi ya saa saba mchana, anarudi nyumbani na saa tano za picha za kijivu, hajui kuzipaka rangi na kompyuta yake haina nguvu za kuzipaka, na bibi harusi anapokea video iliyopauka kana kwamba ilifuliwa kwa jiki. S-Log ni mbichi. Inamtaka mpishi. Asiyekuwa na mpishi aichukue picha ikiwa imeiva tayari ndani ya kamera, tena bila aibu yoyote.

Hebu pia tuzungumze kuhusu 4K, kwa sababu 4K imekuwa kama dini. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kila saa. Mazishi ya Tigania hayamalizwi kwa saa moja. Wasemaji ni wengi, kila kundi lina mwakilishi wake, chama cha kina mama, walimu aliofundisha nao, kanisa, ukoo, na mwanasiasa aliyechelewa ambaye lazima apewe nafasi. Weka saa nne. Hizo ni gigabaiti 180 kwa kamera moja, 360 kwa kamera mbili. Ziingize kwenye laptopu ya mtumba yenye diski iliyojaa. Halafu kumbuka mteja anataka nini mwishoni: flashi ya kuchomeka kwenye televisheni ya sebuleni, na vipande vya kutuma kwa simu kwa binti aliye Doha. Video kamili ya HD kwa megabiti 24 ingemtosheleza, nayo haifiki hata gigabaiti 11 kwa saa. Mazishi yote ya siku yangeingia kwenye kadi moja ya gigabaiti 64 na nafasi ikabaki.

Sisemi 4K ni uongo. Nasema mtu asiitafute hadi awe na mahali pa kuiweka.

Nije kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu iko.

Mtu atavumilia picha yenye chenga. Atavumilia picha iliyotikisika kidogo. Hatavumilia video ya mazishi ya babake ambayo haisikiki. Na bado kila siku naona vijana wanaolipia kamera mamia ya maelfu na wanarekodi kwa kile kimaiki kilichojengwa ndani ya mwili wa kamera, mita kumi kutoka kwa anayesema, huku spika za kukodi zikinguruma, upepo ukipiga hema, na mtoto akilia kando ya lenzi. Kinachorekodiwa vizuri ni yule mtoto.

Mkenya aliyeheshimika kuliko wote nyuma ya kamera ni Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 ziliamsha dunia. Jina lake linajulikana. Wangapi wanalijua jina la John Mathai? Mathai alikuwa mtu wake wa sauti. Mwezi Juni 1991 waliingia Addis Ababa pamoja, ghala la silaha likalipuka, Amin akapoteza mkono wa kushoto na Mathai akapoteza uhai. Mpiga picha aliyekuwa na sifa zote hizo hakuenda kazini bila mtu wa sauti. Sisi tunaenda peke yetu, bila mtu na bila maiki, halafu tunajiita kampuni ya utayarishaji.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kuhusu megapikseli, tafuta matundu mawili. La kwanza ni la maiki ya nje. La pili ni la hedifoni, na hili ndilo linalosahauliwa. Canon M50 haina tundu la hedifoni. Sony A6400 haina. Maana yake ni kwamba kamera inaandika sauti ambayo wewe uliyeishika huisikii. Waya wa maiki ukilegea wakati wa sala ya kwanza, utajua jioni. Kwa mtu wa YouTube anayejirekodi chumbani, hilo si neno, atarekodi tena. Kwa aliye Muthara kwenye kaburi, ni msiba juu ya msiba. Akiwa tayari anayo kamera ya aina hiyo, anunue kinasa sauti kidogo cha pembeni, akiweke kwenye mimbari au akichomeke kwenye mikisa ya yule fundi wa spika, na avae hedifoni hapo. Fundi wa spika ni rafiki wa kutafutwa mapema. Salimiana naye kabla ya ibada, mnunulie chai.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi, na limeharibu video nyingi za makanisani kuliko mvua. Stima yetu Kenya inapiga hezi 50. Marekani inapiga 60. Binamu aliye Minnesota akituma kamera ikiwa imepangwa kwa mfumo wa kwao, fremu 30 kwa sekunde, taa za mirija za kanisani zinaanza kupepesa kwenye video, mistari myeusi inapanda na kushuka juu ya uso wa maharusi. Aliyeishika kamera anadhani ni ubovu wa lenzi. Si lenzi. Badilisha kamera iwe kwenye mfumo wa PAL, fremu 25, na shata iwe 1/50, kupepesa kunakoma. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zinakubali kubadilishwa. Baadhi ya kamera ndogo za video zilizouzwa Marekani hazikubali kamwe, na huyo binamu kwa nia njema amekutumia tatizo la kudumu. Zile Sony zilizonunuliwa kwa soko la ndani la Japani nazo zina lao: menyu ni ya Kijapani pekee. Ukiona bei imeshuka ajabu, fungua menyu kwanza.

Naona watu wakitikisa kichwa: huyu anataka turudi kwenye kamera za mazishi za zamani, yale madude ya begani. La. Madude hayo nayo yana uongo wake, nami sitaupaka rangi. Mteja wa kwetu anapenda kamera kubwa. Ukija na kamera ndogo anauliza kama mwenye kamera anakuja. Kampuni zinajua hilo. Sony HXR-MC2500 ya mwaka 2014 hukaa begani kwa heshima kubwa, mtu akiibeba anapishwa njia, lakini sensa yake, ile sehemu inayopokea mwanga, ni robo inchi. Robo inchi! Ndani ya kanisa la mabati lenye madirisha mawili, siku ya ukungu wa Nyambene, robo inchi haioni. Picha inajaa chenga, nyuso za watu weusi zinazama kwenye giza, na kinachong'aa ni shuka la madhabahu. Kununua ukubwa wa plastiki ili wageni wakupishe ni ujinga uleule wa kununua jina ili wenzako wakuonee wivu mtandaoni.

Kwa hiyo nitasema waziwazi ningemshauri nini kijana anayefungua kibanda chake Muthara mwaka huu, na atakayekasirika akasirike. Kamera ya kwanza iwe ya video hasa, iliyozaliwa kurekodi bila kukatika, yenye lenzi moja ya kuvuta karibu na mbali, yenye nafasi mbili za kadi na matundu ya XLR ya maiki za kweli. Sony HXR-NX100 ya mwaka 2015 ni mfano: sensa ya inchi moja, lenzi inayovuta mara 12, kadi mbili zinazoweza kupokezana moja ikijaa, matundu mawili ya XLR. Haina 4K. Haitii ukungu mtamu nyuma ya bibi harusi kama lenzi ya f/1.8. Mtandaoni hakuna anayeisifu tena. Lakini inasimama nyuma ya hema, juu ya vichwa na miavuli, inamfikia msemaji, inasikia anachosema, na inaendelea kusikia hadi aseme amina. Kamera ya pili, baada ya ya kwanza kujilipa, ndiyo iwe ile ndogo ya kubadilisha lenzi, kwa ajili ya uzuri: pete, macho, mikono ya wazee wakigawana kinywaji.

Kadi mbili nimezitaja haraka, nirudi nyuma kidogo. Kadi hufa. Hufa bila kuaga. Kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja inakupa nakala kabla hujatoka uwanjani, na hiyo peke yake ni sababu ya kuipita kamera yenye sifa nyingine zote. A7 III inazo mbili. 80D, M50 na A6400 zina moja moja. Mtu akichukua harusi ya watu kwa kadi moja, amecheza kamari na siku ambayo si yake.

Tundu la HDMI nalo litazamwe. Tangu mwaka 2020, serikali ilipobana idadi ya waombolezaji makaburini, familia zetu zimezoea kutazama mazishi mubashara zikiwa Nairobi, Doha, Minneapolis. Anayerusha mubashara anachomeka waya kwenye kamera na kuuacha hapo siku nzima, watu wakiukanyaga. A7 III na A6400 zina tundu dogo sana la HDMI, linalolegea au kuvunjika waya ukivutwa mara moja. A7S III ya mwaka 2020 ina tundu kamili. Kwenye karatasi ya sifa hiyo ni herufi chache tu. Shambani ndiyo tofauti kati ya dada aliyeko ng'ambo kumwona mamake akizikwa na kutazama kioo cheusi.

Joto pia. Canon R5 ilipotoka Julai 2020, Canon wenyewe walieleza kwamba kwa 8K ingerekodi dakika kama 20 kwenye nyuzijoto 23 kabla ya kuhitaji kupoa. Nyuzijoto 23! Chini ya hema la turubai saa saba mchana, watu mia tano wakipumua, nani ametuambia tutapewa 23?

Betri nitazipita upesi: nunua kamera ambayo betri yake inapatikana Meru mjini. LP-E6 ya Canon imetumika tangu mwaka 2008 katika kamera nyingi mno, utaikuta hata kwa fundi wa simu. Betri kubwa za Sony za aina ya NP-F zinawasha kamera na taa za LED pia. Blackmagic Pocket 4K ya mwaka 2018, inayotoa picha tamu ajabu kwa bei iliyotoka nayo ya dola 1,295, humaliza LP-E6 moja bila kufikisha saa. Saa nne za mazishi ni rundo la betri, na stima ikikatika usiku wa kuamkia siku hiyo, utazichajia wapi zote?

Sasa pesa. Hapa nawageukia wanaokopesha na wanaoshawishi.

A7S III ilitoka na bei ya dola 3,499. Mnamo Januari 2024, dola moja ilipofika karibu shilingi 160, mwili huo peke yake ulikuwa ni takriban shilingi 560,000 kabla ya usafiri, kabla ya VAT ya asilimia 16, na kabla ya lenzi. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 129, na kamera ileile ikawa kama 451,000. Aliyekopa Januari alipoteza zaidi ya shilingi 108,000 kwa kukosa subira. Hakuna aliyemwambia asubiri. Muuzaji alimwambia bei inapanda kesho.

Chukua mfano mdogo zaidi. Kijana amekopa shilingi 250,000 kwa shailoki. Kazi moja ya mazishi, akiisha kulipa boda, msaidizi, bando na chakula, inambakishia tuseme 8,000. Anahitaji kazi 32 kurudisha mtaji tu, riba ikiwa imekaa kando inanenepa. Kazi 32 za mteja anayelipa kwa awamu. Na mteja wa Muthara anategemea nini? Kwa sehemu kubwa, miraa. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Machi 2020 Somalia ilifunga mlango wake, ukafunguliwa tena Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili, pesa ambayo ingelipa video ya harusi haikushuka kutoka kwenye pikapu zinazopeleka miraa uwanja wa ndege wa Wilson. Aliyekuwa na deni la kamera wakati huo alilipa kwa kamera yenyewe. Biashara inayotegemea soko la namna hiyo haianzishwi kwa deni la nusu milioni. Yeyote anayemshauri mtoto wa watu auze kipande cha shamba la miraa anunue mwili wa kamera, amemkosea mtoto huyo na vizazi ambavyo vingekula kwenye ile miti.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza kwa kuwakopesha watu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Vijana wanaidharau kwa sababu 50,000 hazinunui kamera ya jina. Nami nawaambia: mtu akifikia kiwango hicho, anunue maiki mbili, hedifoni, stendi imara ya miguu mitatu na taa moja. Kamera aikodi kwa siku ile ya kazi. Akikodi, mteja ndiye anayelipia kamera. Akinunua kwa deni, ni usingizi wake unaolipia. Akishakodi aina tatu nne tofauti katika kazi halisi, kwenye matope halisi ya Aprili, atajua mwenyewe anunue ipi, na hakuna muuzaji atakayemdanganya. Ile kamera ya sinema anayoiota kwa ajili ya video za muziki, hiyo aikodi daima, wimbo ukiwa na mwenye kuulipia.

Droni sitaki hata kuijadili sana. Kanuni za mwaka 2020 zinataka isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na mrushaji awe na kibali. Kijana ananunua droni kabla ya maiki, anairusha juu ya waombolezaji bila kibali, mlio wake unafunika wimbo wa kwaya. Aiweke chini.

Nimeulizwa mara nyingi kama kamera ndogo inaweza kufanya kazi kubwa. Jibu liko jirani tu, Ukambani. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, Kitui. Kwa miaka kadhaa alishika kamera mwenyewe, akarekodi shamba lake, mkewe, watoto wake, ukame, na mvua iliyokuja kwa hasira. Dhoruba ilipoiharibu nyumba yake, alirekodi. Kutokana na picha hizo na za mwongozaji Mnorwe Julia Dahr ikatoka filamu ya Thank You for the Rain ya mwaka 2017, na Kisilu mwenyewe alifika hadi kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Nimeitazama filamu hiyo nikiwa na macho ya mtu wa kazi. Nguvu yake iko pale ambapo mvua inapiga na kamera tayari iko mkononi, imewashwa, na mwenye nayo yuko nyumbani kwake, anajua kila jina. Hakuna kikundi kutoka mbali ambacho kingekuwa pale wakati ule. Hiyo ndiyo faida ya kijana wa Muthara juu ya kampuni yoyote ya Nairobi: yupo. Anajua nani ataongea, nani ataanguka kwa kilio, na ni mzee yupi haonekani hadharani mara mbili kwa mwaka. Anazijua njia za kwenda Karama na Mikinduri mvua ikinyesha. Kwa nini ajinyime faida hiyo kwa kununua kamera inayolala?

Ndiyo maana nawalaumu pia nyinyi mnaokodi wapiga video. Wanasiasa wa kaunti yetu wanaleta vikundi vya Nairobi na droni tatu kupiga picha za hafla iliyofanyika kilomita mbili kutoka kwenye kibanda cha kijana aliyewapigia kura. Familia nazo zinamuuliza kijana ana kamera gani, hazimuulizi sauti alinasaje kwenye kazi iliyopita. Muulizeni awaonyeshe mazishi mazima, tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukatwa. Si kionjo cha dakika moja chenye muziki wa kukopa. Mazima. Mkisikia kila neno, mlipeni diposi siku hiyohiyo, nusu nzima, maana diposi ndiyo inayokodi maiki ya pili. Na walimu wa vyuo vya video, wafundisheni watoto kuvaa hedifoni kabla ya kuwafundisha majina ya lenzi.

Wewe kijana uliye na pesa mfukoni sasa hivi, uko kaunta, muuzaji anakugeuzia kioo uone bibi harusi wa Tokyo akizungukwa na maua: mwambie achomeke betri iliyojaa na kadi tupu, abonyeze kurekodi, aiache. Vaa hedifoni zako mwenyewe. Kaa hapo kwenye kiti chake saa nzima, usiondoke, waulize wateja wengine habari, mwache aone unasubiri. Ikifika dakika ya 30 ikiendelea, angalia kama imeandika kwenye kadi zote mbili. Tikisa waya wa HDMI. Fungua menyu usome lugha yake. Akikataa kukuruhusu, au ikinyamaza, funga mkoba wako upande matatu ya Meru na pesa zako zote, na Jumamosi ukodi kwa mtu unayemjua.